VAT ya mzigo mdogo: anacholipa mwenye duka wa Bukura kabla hajauza hata kimoja



Swali ni moja, ila nimeulizwa kwa midomo mingi: "Mzigo wangu ni katoni mbili tu, thamani yake haifiki hata bei ya mbuzi wawili. Kwa nini nitozwe VAT kama mwenye kontena?" Nimeulizwa na vijana wa Kongowea, na akina mama wa Biashara Street wanaoagiza mitandio na madera, na safari hii nimeulizwa na shemeji yangu aliyefungua duka Bukura, kaunti ya Kakamega. Badala ya kumjibu kila mtu kivyake kwa simu, nimeona niliandike jibu hapa, kila mwenye haja alihifadhi na kulirudia. Stashahada yangu niliisomea mambo ya biashara, na miaka mingi nimeishi karibu na watu wa forodha hapa Mombasa. Nitakayoyasema ni ya sheria na hesabu. Mwishoni nitatoa maoni yangu, na mtayapima wenyewe.

Kwa nini Bukura?

Huenda msomaji wa Lamu au Malindi akauliza Bukura ina nini na sisi. Bukura ni soko dogo la Butsotso, sehemu ya watu wa muwa na mahindi, na chuo chake cha kilimo kimejulikana nchini kwa miaka na miaka. Penye chuo pana wanafunzi, na penye wanafunzi pana soko la kava za simu, vipokea sauti, chaja, mikoba na nguo za mtindo. Vitu hivyo havizalishwi Kakamega. Vinatoka Guangzhou au Dubai, vinaingia kwa bandari yetu ya Mombasa au kwa uwanja wa ndege wa Nairobi, kisha vinapanda basi hadi magharibi.

Na biashara kati ya Pwani na upande ule haikuanza jana. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19, reli haijafika Kisumu, na Uislamu uliopo Mumias leo una asili yake katika safari hizo. Nimechagua Bukura kwa sababu nyingine pia: mtu aliye mbali na bandari ndiye anayeihisi kodi hii zaidi. Mtu wa Mombasa akiona jambo halieleweki, atatembea hadi ofisini kwa wakala akaulize. Mtu wa Bukura hutuma pesa kwa M-Pesa, husubiri, na hupokea mzigo bila karatasi.

VAT ni nini, na ilitoka wapi

Zamani Kenya ilikuwa na kodi ya mauzo, iliyoanza 1973. Mwaka 1990 kodi hiyo iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kila mtu huiita VAT. Sheria inayotumika sasa ni ya 2013, na kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Wakati wa korona kilishushwa hadi 14 mwezi Aprili 2020, kikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021.

Tofauti ya VAT na kodi ya mauzo ya zamani ni hii. Kila aliyesajiliwa katika mnyororo wa biashara hulipa VAT anaponunua na hutoza VAT anapouza. Kisha huitoa ile aliyolipa katika ile aliyotoza, na kinachobaki ndicho anachopeleka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Kwa hiyo kodi hii haikukusudiwa iwe mzigo wa mwenye duka. Mlipaji wa mwisho ni mnunuzi anayekwenda kukitumia kitu nyumbani kwake.

Hayo ndiyo makusudio ya sheria. Sasa tutazame yanayomfika mtu mdogo.

Hesabu ya mzigo wa shilingi 20,000

Bidhaa inapoingia nchini hutozwa mambo manne kwa kawaida.

Kwanza ni ushuru wa forodha. Huu hupangwa kwa pamoja na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Malighafi na mitambo ni asilimia 0, bidhaa za kati ni 10, na zilizokamilika ni 25. Tangu 1 Julai 2022 kuna daraja la nne la asilimia 35 kwa vitu vinavyohesabiwa kuwa vyaweza kutengenezwa hapa kwetu, na nguo na fanicha zimo humo.

Pili ni VAT, asilimia 16. Shikeni hapa: VAT haitozwi kwa bei ya bidhaa peke yake. Hutozwa kwa thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya mzigo, kisha ukaongeza na ushuru wa forodha. Maana yake, kodi inatozwa juu ya kodi.

Tatu ni ada ya tamko la uagizaji, IDF, asilimia 2.5. Nne ni tozo ya maendeleo ya reli, RDL. Hii ilishuka hadi asilimia 1.5 mwaka 2023, kisha mabadiliko ya sheria yaliyoanza 27 Desemba 2024 yakairudisha asilimia 2.

Tuchukue mzigo ambao thamani yake, pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ni shilingi 20,000, na ushuru wake wa forodha ni asilimia 25:

- Ushuru wa forodha: 5,000
- VAT, asilimia 16 ya 25,000: 4,000
- IDF: 500
- RDL: 400
- Jumla ya kodi na tozo: 9,900

Mzigo wa 20,000 umekuwa 29,900 kabla haujatoka forodhani. Hapo hatujaweka malipo ya wakala, gharama za viwango vya KEBS kwa bidhaa zinazohitaji cheti, wala nauli ya kufika Bukura. Kama ni nguo za daraja la asilimia 35, ushuru wa forodha ni 7,000, VAT ni 4,320, na jumla ya yote manne ni 12,220. Katika kila shilingi mia ya mali, umelipa shilingi 61 za kodi.

Na zote hizi hulipwa mbele, hujauza hata kava moja. Mwenye duka mdogo huchukua miezi miwili au mitatu kumaliza katoni. Ikiwa hela za kodi amezikopa kwa simu, riba inatembea usiku na mchana huku mali iko rafuni.

Je, kifurushi kidogo hakisamehewi?

Watu wengi wanaamini kuna kiwango ambacho chini yake hakuna kodi. Imani hii ina chanzo. Kuna msamaha wa mizigo ya abiria, ule uliozua kelele nyingi Novemba 2023 KRA ilipowakumbusha wasafiri kuhusu kikomo cha dola 500. Lakini msamaha huo unamhusu msafiri na vitu vyake mwenyewe. Bidhaa ya kuuza haumo ndani yake, hata ukiibeba kwa begi la mkononi. Mtu anayekuja na simu kumi ndani ya begi hawezi kusema ni zake za kupigia.

Vilevile, kifurushi kuja kwa posta au kwa kampuni ya usafirishaji wa haraka hakukitoi katika sheria. Wakati mwingine kinapita bila kuulizwa, na mwenyewe akadhani amesamehewa. Kupita si kusamehewa. Nawaambia wazi: msijenge biashara juu ya dhana kwamba kidogo hakionekani. Siku kitakapoonekana, faida ya mwaka mzima itaondoka kwa siku moja.

Jina lililo kwenye karatasi

Sasa tufike penye kiini. Mtu wa katoni mbili haagizi peke yake. Hutumia wale tunaowaita makonsolideta, yaani wakusanyaji wanaochanganya mizigo ya watu wengi ndani ya kontena moja au shehena moja ya ndege. Mteja huambiwa bei ya kilo, au bei ya ujazo ikiwa ni kwa meli, na huambiwa pia kwamba "kodi imo ndani".

Huduma hii ina faida kubwa, wala siipingi. Bila ya wakusanyaji, mtu wa Bukura asingeweza kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Lakini ulizeni: kodi iliyomo ndani ni ngapi, na imelipwa kwa jina la nani?

Mara nyingi hati ya forodha huwa na jina la mkusanyaji. Mwenye mali hana karatasi yoyote isipokuwa ujumbe wa simu wa kulipa. Kwa hiyo, hata kama alilipa zile 4,000 za VAT, hana njia ya kuzionyesha. Sheria inasema anayetaka kutoa VAT aliyolipa kwa bidhaa za kutoka nje awe na hati ya forodha iliyothibitishwa na risiti ya malipo, na adai ndani ya miezi sita baada ya kipindi bidhaa zilipoingia. Asiye na hati hana dai.

Shemeji yangu lilimpata jambo hilo. Mzigo wake ulikaa wiki kadhaa kwa sababu kontena lote lilizuiwa, na lilizuiwa kwa makosa ya mtu mwingine aliyeandika vibaya mali yake. Alipouliza mzigo wake umelipiwa kiasi gani, wakala hakuwa na jibu. Mzigo ulipotoka aliongezewa malipo, na risiti hakupewa. Kampuni yenyewe siitaji, maana mtindo huu umeenea na si wa mtu mmoja.

Wengi mnakumbuka wafanyabiashara wa Nyamakima jijini Nairobi walivyolalamika mwaka 2018 na 2019, makontena ya mizigo iliyochanganywa yalipozuiwa wakati wa msako wa bidhaa haramu na bandia. Baada ya hapo serikali ilisisitiza wakusanyaji wasajiliwe na waorodheshe wenye mali. Hilo ni jema. Ila orodha ya wenye mali iliyoko kwenye kompyuta ya forodha haimfai mwenye mali mwenyewe akiwa Bukura hana nakala.

Nijisajili VAT au nisijisajili?

Sheria inamlazimu kujisajili mwenye mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT ya shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka. Aliye chini ya hapo anaweza kuomba kwa hiari. Watu wengi huambiwa, "Jisajili, utarudishiwa VAT yako." Tuifanyie hesabu tuone kama ni kweli.

Turudi kwa mzigo wetu uliogharimu 29,900. Tuseme umeuzwa wote kwa 36,000 kwa wanafunzi na watu wa sokoni.

Asiyesajiliwa: 36,000 ukitoa 29,900 kunabaki 6,100. VAT ya 4,000 imezama ndani ya gharama yake.

Aliyesajiliwa: katika 36,000 alizopokea, VAT ya kuuza ni takriban 4,966. Anatoa zile 4,000 alizolipa forodhani na kupeleka 966. Faida yake ni takriban 5,134.

Mmeona? Kwa anayemuuzia mtu wa kawaida, kwa bei ile ile, usajili hauongezi faida. Unaipunguza kwa ile 966. Na anaingia katika wajibu wa kuwasilisha taarifa kila mwezi kabla ya tarehe 20, hata mwezi ambao hakuuza kitu. Akichelewa, faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa.

Usajili unafaa mahali pawili. Pa kwanza ni unapomuuzia mfanyabiashara aliyesajiliwa. Mwenye hoteli mjini Kakamega akinunua kwako bidhaa za 36,000 na una ankara ya VAT, atatoa ile 4,966 katika hesabu yake, kwa hiyo kwake bidhaa ni takriban 31,034. Kwa asiyesajiliwa, 36,000 ni 36,000. Hoteli itakwenda kwa mwenye ankara. Pa pili ni mali inapokaa bila kuuzika. Asiyesajiliwa ametia mtaji wa 29,900 wote. Aliyesajiliwa, akiwa na mauzo mengine ya kutosha, zile 4,000 tayari amezitoa katika hesabu ya mwezi ule.

Basi jibu ni hili: mtazame unayemuuzia. Kama ni mwanafunzi na mama wa sokoni, usikimbilie kujisajili. Kama ni maduka makubwa, mahoteli na makampuni, kaa na mhasibu mfikirie.

Kuna na kodi nyingine nyuma yake

Mkimaliza VAT, kuna kodi ya mapato ya mauzo, TOT. Inamhusu mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3. Milioni moja kwa mwaka yaonekana nyingi, lakini ukigawa kwa siku ni takriban shilingi 2,740. Duka la Bukura lililo karibu na chuo laweza kufika hapo bila mwenyewe kujiona tajiri.

TOT hutozwa kwa mauzo. Haiulizi ulinunua kwa ngapi. Kwa mauzo yetu ya 36,000, ni 1,080. Kwa asiyesajiliwa VAT, ile 6,100 inashuka hadi 5,020. Zaidi ya sehemu moja ya sita ya kilichobaki imekwenda, na bado kodi ya chumba, umeme na kijana wa duka. Ukijumlisha forodhani na hapa, mzigo wa 20,000 umelipa 10,980.

Na ikiwa mali imeuzwa kwa hasara, TOT bado inadaiwa. Ndiyo maana sheria inamruhusu mtu kumwandikia Kamishna kwamba anataka kuhesabiwa kwa faida, kama wengine. Lakini hilo linataka vitabu vya hesabu, na wazee wetu walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia ya Busia

Bukura si mbali na mpaka wa Busia, na watu wa huko huvuka kununua Uganda. Kwa hili kuna nafuu ambayo wengi hawaijui, na ndugu zetu wa Lunga Lunga na Taveta nao inawahusu.

Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia utaratibu mwepesi wa biashara wa Afrika Mashariki. Hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, na hatozwi ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kilijengwa ili shughuli za pande zote mbili zimalizwe mahali pamoja.

Lakini mambo mawili huwakwaza watu. La kwanza, bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya. Kava ya simu ya China iliyonunuliwa Kampala bado ni ya China, na cheti hicho hakiisaidii. La pili, kilichoondolewa ni ushuru wa forodha. VAT haikuondolewa. Ikiwa bidhaa inatozwa VAT Kenya, itatozwa hata ikitoka Uganda. Mazao ya shamba ambayo hayajasindikwa hayatozwi VAT, na ndiyo maana mwenye mahindi hupita na mwenye sabuni husimamishwa.

Wenzetu wa mbali wanafanyaje

Katika miaka hii, nchi nyingi zimekuwa zikifuta misamaha ya vifurushi vidogo. Australia ilianza kutoza bidhaa za hadi dola zake 1,000 tarehe 1 Julai 2018. Uingereza ilifuta msamaha wa pauni 15 Januari 2021. Umoja wa Ulaya ukafuta wa yuro 22 Julai mwaka huo huo. Malaysia iliweka kodi ya mauzo ya asilimia 10 kwa bidhaa za hadi ringgit 500 kuanzia 1 Januari 2024. Afrika Kusini, Septemba 2024, iliongeza VAT kwa vifurushi vya chini ya randi 500. Marekani nayo ilisimamisha msamaha wa dola 800 kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025.

Sababu yao ilikuwa moja: mwenye duka wa mtaani alikuwa akilipa kodi, na jukwaa la mtandaoni la ng'ambo likituma kifurushi bila kodi. Walitaka mizani ikae sawa, na hoja hiyo ina haki ndani yake.

Lakini angalieni jinsi Ulaya na Australia walivyofanya. Waliwapa wauzaji na majukwaa makubwa wajibu wa kukusanya kodi wakati mteja analipa, kwa bei anayoiona kwenye skrini. Kodi inajulikana kabla kifurushi hakijatoka. Kwetu, kodi inajulikana mzigo ukishafika, na wakati mwingine haijulikani kabisa. Tena, kule msamaha ulikuwa wa mteja anayejinunulia. Kwetu, anayebanwa ni yule yule mwenye duka mdogo ambaye wenzetu walisema wanamtetea.

Maoni yangu

Simo katika wanaosema kodi ifutwe. Barabara na zahanati za Bukura hazijengwi kwa dua peke yake. Wala simo katika wanaofundisha kupunguza ankara, yaani kuandika mali ya 20,000 kuwa ya 8,000. Kwetu Waislamu hilo lina jina lake, ni udanganyifu katika mizani, na anayeumia kwanza ni jirani yako aliyeandika ukweli na sasa hawezi kushindana na bei yako. Na kwa wale wanaoniuliza kama kulipa kodi kunaondoa zaka: hapana. Zaka ni ibada yenye masharti yake, kodi ni sheria ya nchi. Moja haifuti nyingine.

Ninachodai ni mambo matatu.

La kwanza, karatasi. Kila mwenye mali ndani ya mzigo wa pamoja apewe hati yenye jina lake, PIN yake, thamani iliyotangazwa na kodi iliyolipwa. Mfumo wa kompyuta upo, simu zipo. Ikiwa ankara za eTIMS zinadaiwa hata kwa mwenye kibanda, basi na yeye apewe ya kwake anapolipa.

La pili, kiwango kimoja chepesi kwa mizigo midogo ya biashara, kilichotangazwa hadharani, ili mtu ajue kabla hajaagiza. Asilimia moja inayojumuisha yote manne ni bora kuliko bei ya kilo ambayo ndani yake hujui kodi ni ngapi na ya mtu ni ngapi.

La tatu, kikomo cha VAT. Milioni 5 ni kile kile cha sheria ya 2013, ilhali bei ya kila kitu imepanda. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kiwe milioni 8. Mswada ule ulikuwa na mengi yaliyowakasirisha Wakenya, maandamano yakafika Bunge tarehe 25 Juni, watu wakafa, na Rais akauondoa. Pamoja na mabaya yake, lile jema likaenda nalo. Lingeweza kurudishwa peke yake, na sijui mwenye duka mdogo gani angelipinga.

Wabunge wetu wa Pwani wana neno hapa. Bandari iko kwetu, mawakala wa forodha ni vijana wetu, na mizigo ya Bukura hupita mikononi mwetu. Mwenye duka wa magharibi akifunga, lori la Mombasa nalo hukosa mzigo.

Ya kushika kabla hujaagiza

- Piga hesabu ya yote manne kabla ya kutuma pesa: ushuru wa forodha, VAT, IDF na RDL. Mali ya asilimia 25 huongezeka karibu nusu ya thamani yake.
- Muulize mkusanyaji mapema: nitapata hati yenye jina langu na PIN yangu? Akisema hapana, jua VAT yako imezama.
- Weka ankara ya muuzaji, uthibitisho wa malipo na kila ujumbe wa M-Pesa pamoja. Nunua daftari, hata la shilingi hamsini.
- Usikubali mali yako itangazwe kwa jina lisilo lake. Kontena likizuiwa, litawazuia wote.
- Usijisajili VAT kwa sababu jirani amejisajili. Tazama wateja wako ni nani.
- Mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka, TOT inakuhusu. Tenga asilimia 3 kila jioni, usingoje mwisho wa mwezi.
- Ukinunua Uganda au Tanzania, omba cheti chepesi cha asili kwa mzigo wa hadi dola 2,000, ikiwa bidhaa ni ya Jumuiya.
- Viwango hubadilika na kila Sheria ya Fedha. Kila mwezi wa Julai, hakikisha upya.

Shemeji yangu nimemtumia hesabu hii yote. Ameamua hatajisajili VAT kwa sasa, na mzigo ujao ataupitisha kwa mkusanyaji atakayekubali kumpa karatasi, hata kama bei yake ya kilo iko juu kidogo. Nimemuunga mkono. Nanyi mliobaki, kabla ya kutuma pesa, pigeni hesabu kwanza. Wabillahi tawfiq.